Futi na Mita: Tuelewane Kabla ya Kulipa

Somo la kusoma na kujadili katika kikundi

Somo letu safari hii ni la vipimo. Pengine mtu atauliza, vipimo vina maneno gani? Si kila mtu anajua kupima? Hebu tuangalie kwanza.

Asubuhi mama anapeleka mtoto kliniki, anapimwa kwa kilo. Akirudi nyumbani nyanya anamuuliza mtoto ana pauni ngapi. Baba anakwenda dukani kununua misumari ya inchi nne, lakini anauziwa kwa kilo. Kijana ananunua petroli ya pikipiki kwa lita, na tairi la pikipiki hiyo hiyo linasomwa kwa inchi. Ploti inauzwa kwa futi, hati yake inaandikwa kwa hekta, na majirani wanaizungumza kwa eka. Hata tairi la gari dogo lililoandikwa 185/70 R14 lina vipimo viwili katika mstari mmoja: 185 ni upana kwa milimita, na 14 ni inchi za rimu.

Basi sisi tunaishi na lugha mbili za vipimo, kama vile tunavyoishi na Kikamba na Kiswahili. Kujua lugha mbili si vibaya. Ubaya unakuja pale mmoja anaposema kwa lugha hii na mwingine anasikia kwa lugha ile. Hapo ndipo pesa ya kikundi hupotea, na wakati mwingine urafiki pia.

TULIFIKAJE HAPA?

Vipimo vya futi, pauni, galoni na maili vililetwa na Waingereza. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilihesabiwa kwa maili. Mji wetu wa Sultan Hamud, kabla ya kupewa jina la Sultani wa Zanzibar aliyeutembelea, ulijulikana tu kama Maili 250, yaani karibu kilomita 402. Lakini ajabu ni kwamba upana kati ya vyuma viwili vya reli hiyo ulikuwa mita moja kamili. Maili kwa urefu, mita kwa upana! Reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inayopita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, imegeuza mambo. Safari yake inahesabiwa kwa kilomita, lakini upana wake wa milimita 1,435 ni kipimo cha zamani cha Waingereza cha futi 4 na inchi 8 na nusu.

Baada ya uhuru wa 1963, Kenya pamoja na majirani zake iliacha vipimo vya Kiingereza na kuchukua mita, kilo na lita. Shuleni watoto wetu wanafundishwa hivyo. Hata hivyo mbao, ploti, bomba na kimo cha mtu vilibaki katika futi na inchi midomoni mwa watu. Kwa hiyo mzee na mjukuu wake wanaweza kupima ukuta mmoja na kutaja namba mbili tofauti, na wote wawili wakawa wa kweli.

Tusidhani shida hii ni ya watu wa vijijini. Mwaka 1983 ndege kubwa ya Air Canada iliishiwa na mafuta ikiwa angani, kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa pauni badala ya kilo. Ilikuwa imebeba chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Rubani aliishusha bila injini mahali panapoitwa Gimli, na kwa bahati hakuna aliyekufa. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo walichokituma kwenye sayari ya Mars, kwa kuwa kundi moja la mafundi lilitumia vipimo vya pauni na lingine lilitarajia vya mita na kilo. Hao ni wataalamu wenye kompyuta. Je, sisi wenye kipande cha karatasi na kalamu?

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Katibu aandike hivi nyuma ya daftari la kikundi:

Inchi 1 = sentimita 2.54 (milimita 25.4)
Futi 1 = sentimita 30.5
Yadi 1 = sentimita 91.4
Mita 1 = futi 3.28
Maili 1 = kilomita 1.6
Pauni 1 = gramu 454; kilo 1 = pauni 2.2
Galoni 1 ya Kiingereza = lita 4.5
Ekari 1 = mita za mraba 4,047
Hekta 1 = mita za mraba 10,000, yaani ekari 2.47

Ukisahau mengine yote, kumbuka haya matatu: mita moja ni futi tatu na zaidi kidogo, kilo moja ni pauni mbili na zaidi kidogo, hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu.

Sasa tuangalie mahali ambapo hasara hutokea mara nyingi.

1. SHAMBA NA PLOTI

Tuseme baba aliwaambia wanawe kwamba shamba ni eka tatu. Baba akifa wanatoa hati kwenye sanduku na kukuta imeandikwa 1.2. Mmoja anapiga kelele, "Kuna mtu ametuibia eka mbili!" Jirani anatazamwa vibaya, chifu anaitwa, na pesa za mawakili zinaanza kutafutwa. Kumbe hakuna kilichoibiwa. Hati imeandikwa kwa hekta, na hekta 1.2 ni karibu ekari 3. Kabla ya kumshtaki mtu, soma neno lililo baada ya namba.

Ploti nayo ina jambo lake. Watu wengi huita ploti ya futi 50 kwa 100 "moja ya nane", yaani sehemu ya nane ya ekari. Tupige hesabu. 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Lakini sehemu ya nane ya ekari kamili ni futi za mraba 5,445. Upungufu ni futi za mraba 445, karibu mita za mraba 41. Hiyo ni nafasi ya nyumba ya mita 6 kwa 7! Si lazima muuzaji awe mwizi, kwa maana ndivyo watu walivyozoea kusema. Lakini kikundi kinachonunua ploti ya ofisi au ya posho mill kiulize: tunalipia futi 50 kwa 100, ama tunalipia moja ya nane kamili? Jibu liandikwe kwenye mapatano.

Kupima ekari kwa miguu, watu husema hatua 70 kwa 70. Hiyo ni sawa ikiwa kila hatua yako ni yadi moja. Mzee mrefu na msichana wa darasa la saba hawana hatua moja. Tumieni kamba iliyopimwa kwa tepu.

2. DAWA YA SHAMBA NA MBEGU

Hapa hasara si ya pesa pekee. Karatasi nyingi za dawa huandikwa kiasi kwa hekta, na sisi tunalima kwa eka. Dawa ikiandikwa lita 1 kwa hekta, basi ekari moja inahitaji mililita 400 tu. Mtu akimwaga lita nzima kwenye eka moja, ameweka mara mbili na nusu ya kiasi kinachotakiwa. Ndengu zinaweza kuungua, sumu inabaki kwenye embe linalokwenda sokoni, na aliyebeba pampu mgongoni anavuta sumu zaidi bila sababu.

Kanuni rahisi: kiasi cha hekta, gawanya kwa 2.5, utapata kiasi cha ekari. Mbegu ya mahindi ya Katumani ni mfano mzuri. Kitabu kinasema kilo 25 kwa hekta, na afisa wa kilimo anasema kilo 10 kwa ekari. Wengine hudhani wanabishana. La, wanasema jambo moja.

Angalia pia ukubwa wa pampu yako. Maagizo yakisema mililita 20 kwa lita 20 za maji, na pampu yako ni ya lita 16, weka mililita 16. Tumia kikombe cha kupimia chenye alama. Kijiko cha jikoni kisiguse dawa kabisa, kwanza kwa sababu vijiko havilingani, na pili kwa sababu kesho mtoto atakitumia kula.

3. MAJI YA PAA NA TANGI

Kwa hesabu ya maji, mita na lita ni rafiki yetu mkubwa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, unapata lita moja ya maji. Haihitaji kugawanya wala kuzidisha kwa namba ngumu.

Tuseme paa lina futi 20 kwa 30. Kwanza badilisha: ni karibu mita 6 kwa 9, yaani mita za mraba 54. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ikileta milimita 250, paa litapokea 54 mara 250, lita 13,500. Toa sehemu moja ya tano kwa maji yanayomwagika na kupotea, zinabaki lita 10,800. Hiyo ni mitungi 540 ya lita 20. Sasa kikundi kinaweza kuamua ukubwa wa tangi kwa akili, si kwa kukisia. Mzee akikwambia mwaka fulani ilinyesha inchi kumi, jua anasema karibu milimita 250 hizo hizo.

Neno la kuangalia sana ni galoni. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.5, lakini galoni ya Kimarekani ni lita 3.8 tu. Mchoro wa tangi ukitoka kwa marafiki wa Marekani na kusema galoni 1,000, hilo ni tangi la lita 3,785. Kwa galoni za Kiingereza lingekuwa lita 4,546. Tofauti ni mitungi 38! Ulizeni: ni lita ngapi?

4. DUKA LA VIFAA VYA UJENZI

Sikilizeni mazungumzo haya ya mfano kati ya mweka hazina na mwenye duka:

– Habari ya leo, kijana wangu?
– Mzuri mama, karibu. Tukupe nini?
– Fundi ameniandikia. Mbao nne kwa mbili, sitini.
– Sitini futi?
– Hapa imeandikwa sitini tu.
– Basi ni futi, mama. Mbao zote tunauza kwa futi.

Mama analipa na mbao zinapakiwa. Zikifika, fundi anashika kichwa. Yeye alipima paa kwa mita. Mita 60 ni futi 197. Zilizoletwa ni futi 60, yaani mita 18 tu, hata theluthi moja hazifiki. Gari linakodishwa mara ya pili na kazi inalala siku mbili. Mwenye duka hakuiba, fundi hakukosea kupima, mama hakupoteza pesa njiani. Lilikosekana neno moja tu kwenye karatasi.

Mabati nayo huuzwa kwa futi hapa na kwa mita pale. Tuseme duka la kwanza linataka shilingi 200 kwa futi na la pili shilingi 600 kwa mita. Wengi watakimbilia 200. Lakini mita ni futi 3.28, kwa hiyo lile la kwanza ni shilingi 656 kwa mita. La pili ndilo rahisi. Kumbukeni pia kwamba bati la mita 3 ni fupi kuliko la futi 10 kwa karibu sentimita 5. Mkiwa na safu mbili za mabati, mmepungukiwa na sentimita 10, na mvua itaingia ukutani. Na geji je? Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Usifurahie namba kubwa.

Bomba za maji ndizo zenye mtego zaidi. Bomba la chuma huitwa kwa inchi, na jina hilo linafuata tundu la ndani. Bomba la plastiki huitwa kwa milimita, na jina linafuata unene wa nje. Kwa hiyo mtu aliyesoma somo hili nusu nusu atasema inchi moja ni milimita 25, anunue plastiki ya 25, kisha aone haiingiani na ya chuma ya inchi moja. Wenzi wao ni hawa: nusu inchi na milimita 20, robo tatu na milimita 25, inchi moja na milimita 32. Beba kipande cha bomba la zamani ukienda dukani. Kipande hakidanganyi.

Kwa upande wa zege, tumshukuru Mungu, kuna urahisi. Mchanganyiko wa 1 kwa 2 kwa 4 hauna futi wala mita. Ukipima simiti kwa karai, pima mchanga na kokoto kwa karai ile ile, isawazishwe juu namna moja. Na mtaro wa fanya juu wa sentimita 60 kwa 60 ukichimbwa futi 2 kwa 2, hakuna aliyepoteza kitu. Si kila kazi inahitaji kubishana juu ya sentimita moja. Hekima ni kujua kazi ipi inahitaji.

5. SOKONI: DEBE, GOROGORO NA KILO

Debe letu lilianza kama mkebe wa mafuta ya taa wa galoni 4, yaani lita 18. Mtungi wa plastiki wa leo ni lita 20. Mtu akinunua nafaka kwa mtungi na kulipa bei ya debe, amejiongezea karibu lita 2 kila mara. Hata gunia la kilo 90 ni mtoto wa kipimo cha zamani cha pauni 200.

Gorogoro, ambayo wengine huiita kasuku, ilikuwa mkebe wa kilo 2 za mafuta ya kupikia. Lakini mafuta ni mafuta na ndengu ni ndengu. Mkebe hupima ujazo, haupimi uzito. Ndengu kavu, mahindi mabichi na unga havitakuwa na uzito mmoja ndani ya mkebe ule ule. Tena mkebe uliorundikwa juu si sawa na uliopigwa kwa fimbo ukawa bapa.

Tuseme kikundi kinauza gorogoro 100 za ndengu zilizorundikwa, kwa bei ya kilo 2 kila moja, na kila moja kwa kweli ina kilo 2.3. Mmempa mnunuzi kilo 30 bure. Bei ikiwa shilingi 80 kwa kilo, hizo ni shilingi 2,400, za msimu mzima wa kung'oa na kupura juani. Pimeni wenyewe nyumbani kabla mnunuzi hajafika.

Mizani ya kuuzia inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Angalia muhuri, na angalia sindano inasimama kwenye sufuri kabla ya kuning'iniza kitu. Kama una wasiwasi, weka pakiti 5 za unga za kilo 2 ambazo hazijafunguliwa. Isome kilo 10. Isiposoma hivyo, kikundi kina haki ya kukataa mizani hiyo na kupeleka habari kwa afisa wa vipimo wa kaunti. Hata Mithali, sura ya 11 mstari wa kwanza, inagusa jambo hili la mizani. Muuzaji na mnunuzi wote wanahusika. Debe lililobonyezwa ndani ili lipungue ni wizi hata likiwa la mwanakikundi wetu.

KANUNI TANO ZA KIKUNDI

1. Namba bila jina la kipimo isikubaliwe kwenye kumbukumbu, risiti wala mapatano. Si "60", ni "mita 60".
2. Kazi moja, kipimo kimoja. Fundi akianza kwa mita, amalize kwa mita.
3. Kubadilisha kufanywe kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, na watu wawili wapige hesabu kila mmoja peke yake.
4. Nafaka ya kuuza ipimwe kwa uzito, si kwa mkebe.
5. Kikundi kinunue tepu moja yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Ikae kwa katibu, watoto wasiichezee.

ZOEZI

Jibuni kabla ya kuangalia majibu.

a) Hati inasema hekta 0.8. Ni ekari ngapi?
b) Dawa ni mililita 500 kwa hekta. Shamba ni nusu ekari. Tutatumia kiasi gani?
c) Mabati ni shilingi 250 kwa futi duka moja, na shilingi 780 kwa mita duka lingine. Lipi ni rahisi?
d) Paa ni mita 5 kwa 8. Mvua imenyesha inchi 4. Tutapata mitungi mingapi ya lita 20, tukitoa sehemu moja ya tano?

Majibu: a) karibu 2. b) mililita 100. c) la mita, kwa maana 250 kwa futi ni 820 kwa mita. d) karibu 160.

MASWALI YA KUJADILI

Katika kikundi chetu, ni nani anajua futi vizuri na ni nani anajua mita? Wazee na vijana wanaweza kufundishana vipi? Ni mapatano gani tuliyo nayo sasa ambayo yana namba bila jina la kipimo? Mnunuzi akikataa mizani na kutaka gorogoro, tutamjibu nini kwa sauti moja?

Swali la mwisho lijibiwe kabla ya mavuno. Siku ya kuuza, mkulima mmoja mwenye njaa hawezi kubishana na mnunuzi mwenye lori. Lakini mwethya mzima ukisema "tunauza kwa kilo", mnunuzi atatoa mizani kwenye gari.